Joe Pinder: mrusha mpira wa daraja la chini aliyefia ufukweni Omaha

Kila mwaka ikikaribia Juni 6, kumbukumbu ya siku ya mwaka 1944 majeshi ya washirika yalipotua Normandy, Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia, habari ya Joe Pinder hurudi kwenye simu zetu ikiwa imefupishwa kiasi cha kupotosha. Husema hivi: nyota wa besiboli wa Marekani aliacha utajiri na umaarufu, akaenda vitani, akafa akipambana na Wajerumani siku aliyotimiza miaka 32. Maswali hufuata. Kama alikuwa nyota, mbona hatajwi pamoja na manguli wa mchezo huo? Wanamichezo wa kulipwa si walisamehewa jeshi? Na hiyo “ligi ndogo” aliyochezea ni ligi ya watoto?

Kuhusu siku ya kuzaliwa na siku ya kufa, habari hiyo ni sahihi. Mengine karibu yote yanahitaji kunyooshwa, na nadhani yakinyooshwa, Pinder anakuwa mtu wa kuheshimiwa zaidi.

Ligi ndogo ni nini hasa

Timu ya besiboli huwa na wachezaji tisa uwanjani. Mmoja wao, mrusha mpira, husimama kwenye kituta kidogo katikati ya uwanja na kuuvurumisha mpira kuelekea kwa mpinzani aliyeshika gongo, umbali wa mita 18 na ushei. Akiurusha vizuri, mpinzani anachapa hewa. Akikosea kidogo, mpira unapigwa hadi nje ya uzio. Hakuna mwenye mzigo mkubwa kuliko yeye, na ndiyo maana mchezo ukiisha, ushindi au kipigo huandikwa kwa jina la mrusha mpira mmoja. Hiyo ndiyo nafasi aliyocheza Pinder.

Katika miaka ya 1930, kileleni mwa mchezo huo kulikuwa na ligi kuu mbili zenye timu 16 kwa jumla. Kila timu ilisajili wachezaji 25. Piga hesabu: nafasi 400 kwa nchi nzima. Chini yake zilitandazwa ligi ndogo, ambazo mwaka 1940 zilizidi 40, zikiwa zimepangwa kwa madaraja ya herufi. Juu kabisa AA, kisha A1, A, B, C, na mwisho D. Neno “ndogo” halihusiani na umri. Waliocheza humo walikuwa watu wazima wenye mikataba na mishahara.

Kwa anayefuatilia soka la Tanzania, fikiria Ligi Kuu ipo juu, chini yake Championship, kisha First League, ukishuka mpaka unafika ligi za mikoa. Anayecheza ligi ya mkoa anaucheza mpira uleule wanaoucheza Simba na Yanga, kwa sheria zilezile, ila ukivuka mkoa hakuna anayemjua. Daraja D ndiko huko. Tofauti iko hapa: kwetu timu ikifanya vizuri inapanda daraja pamoja na wachezaji wake. Marekani timu haipandi. Anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja, tena akiitwa. Klabu kubwa nyingi zilimiliki timu za chini au zilikuwa na mikataba nazo, kwa hiyo timu ingeweza kutwaa ubingwa wa daraja D kwa kishindo na mwaka unaofuata ikabaki palepale, huku kijana wake mmoja au wawili wamechukuliwa kwenda C na wengine wameachwa.

Ukilielewa hilo, maisha ya Pinder yanasomeka.

Miaka ya mabasi

John Joseph Pinder alizaliwa Juni 6, 1912 McKees Rocks, mji wa viwanda karibu na Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Sekondari aliimalizia Butler, kaskazini mwa Pittsburgh, mwaka 1931, na baadaye familia ikahamia Burgettstown. Mwaka 1931 ulikuwa mwaka mbaya wa kumaliza shule. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, viwanda vya chuma vimepunguza watu, na kijana asiye na kazi alikuwa jambo la kawaida kila mtaa. Mwaka 1935 Pinder alikuwa analipwa kurusha mpira katika timu ya daraja D ya mji uleule wa Butler.

Kulipwa huko kusikudanganye. Wachezaji wengi wa daraja D hawakufikisha dola 100 kwa mwezi, na mshahara wenyewe ulikoma msimu ulipokwisha. Miezi ya baridi kila mmoja alirudi kwao kutafuta kibarua. Safari zilikuwa za mabasi, usiku kwa usiku, mji mdogo hadi mji mdogo, na viwanja vingine taa zake zilikuwa hafifu kiasi kwamba kuuona mpira ilikuwa kazi. Utajiri ambao habari za mitandaoni husema Pinder aliuacha haukuwahi kuwepo.

Kipaji, hata hivyo, kilikuwepo. Msimu wake ninaoupenda kuliko yote ni wa 1939, alipochezea Sanford katika ligi ya jimbo la Florida. Timu hiyo ilishinda mechi 98 ikapoteza 35, rekodi ambayo mashabiki wa historia ya ligi ndogo bado wanaitaja. Kati ya ushindi huo, 17 uliandikwa kwa jina la Pinder. Kwa kawaida mrusha mpira mwenye msimu wa namna hiyo anatazamiwa kupanda. Lakini alikuwa tayari na miaka 27, na kwa daraja D hiyo ni miaka mingi. Wasaka vipaji walitafuta vijana wa miaka 19 ambao wangewakuza kwa muda mrefu. Mtu wa miaka 27, hata ashinde vipi, kwao alikuwa wa kusaidia timu ishinde leo.

Aliendelea. Mwaka 1941 alikuwa Greenville, Alabama, bado daraja D. Wengine wangesema angeacha mapema akatafute kazi ya kueleweka. Mimi naona mtu aliyejua vizuri nafasi yake kwenye ngazi, na akaendelea kuifanya kazi yake kwa sababu aliiweza.

Kabla ya kuingia vitani, kuna jambo lisilopaswa kurukwa. Ngazi ile yote, kuanzia D mpaka ligi kuu, ilikuwa ya watu weupe. Wamarekani weusi walifungiwa nje kwa makubaliano yasiyoandikwa, wakawa na ligi zao wenyewe. Jackie Robinson, aliyekuja kuuvunja ukuta huo katika ligi kuu mwaka 1947, alikuwa luteni wa jeshi wakati wa vita, na mwaka 1944 alishtakiwa mahakama ya kijeshi baada ya kukataa kwenda kukaa nyuma ya basi. Aliachiwa huru. Jeshi nalo lilitenga vikosi kwa rangi. Kwa hiyo tunaposema mchezo ule na jeshi lile viliwapa nafasi vijana wa kawaida, tukumbuke ni vijana wa kawaida wa upande mmoja.

Barua ya Roosevelt haikumsamehe mtu

Imani kwamba wanamichezo walisamehewa jeshi ina chanzo chake. Desemba 7, 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, Marekani ikaingia vitani, na mkuu wa besiboli, Jaji Landis, akamwandikia Rais Roosevelt kuuliza kama mchezo usimamishwe. Roosevelt alimjibu Januari 15, 1942. Alisema kwa maoni yake ni afadhali besiboli iendelee, kwa kuwa watu watafanya kazi saa nyingi zaidi na watahitaji kuburudika. Watu wengi huisoma barua hiyo mpaka hapo. Lakini ndani yake Roosevelt aliandika pia kwamba mchezaji mwenye umri wa kwenda jeshini aende, bila kusitasita. Alichokiokoa ni mchezo. Wachezaji walibaki chini ya sheria iliyowahusu raia wengine wote.

Sheria hiyo ya kuandikisha watu jeshini ilipitishwa Septemba 1940, zaidi ya mwaka mzima kabla ya Pearl Harbor. Wanaume wa miaka 21 hadi 35 walijiandikisha na kuitwa kwa bahati nasibu. Pinder alikuwa katikati ya umri huo, hana mke wala mtoto. Mwishoni mwa Januari 1942, siku chache tu baada ya barua ya Roosevelt, alikuwa mwanajeshi.

Waliofuata njia hiyo walikuwa wengi. Zaidi ya wachezaji 500 wa ligi kuu walilitumikia jeshi wakati wa vita ile, na wa ligi ndogo walizidi 4,000. Ligi ndogo zenyewe zikakauka: kutoka zaidi ya 40, mwaka 1943 zilibaki takribani 10, kwa kuwa hakukuwa na vijana wa kuzijaza.

Idadi ya waliokufa inasikitisha kwa namna ya pekee. Waliokuwa wamewahi kucheza ligi kuu wakauawa vitani ni wawili: Elmer Gedeon, rubani aliyetunguliwa Ufaransa Aprili 1944, na Harry O'Neill, aliyeuawa katika kisiwa cha Iwo Jima, Japani, Machi 1945. Hata hao hawakuwa nyota. Gedeon alicheza mechi tano tu za ligi kuu, O'Neill moja. Wa ligi ndogo waliokufa walizidi 100.

Kwa nini pengo kubwa hivyo? Sehemu ni hesabu tu, kwamba walikuwa wengi zaidi. Ila si hesabu peke yake. Makamanda walipenda kuwa na timu nzuri kambini, na mtu maarufu kama Joe DiMaggio alitumiwa sana kucheza mechi za kuwatia moyo askari. Si haki kuwajumlisha nyota wote humo, maana Bob Feller alikuwa kwenye mizinga ya meli ya kivita na Warren Spahn alikuwa mhandisi wa jeshi pale kwenye daraja la kuvuka mto Rhine huko Remagen, Ujerumani. Lakini jina kubwa liliweza kumfungulia mtu mlango. Hakuna kamanda aliyekuwa anamtafuta mrusha mpira wa daraja D kutoka Greenville, Alabama.

Fundi wa daraja la tano

Pinder alipangiwa Rejimenti ya 16 ya askari wa miguu, katika Divisheni ya Kwanza, ile yenye namba moja nyekundu begani. Alipita nayo vita vya Afrika Kaskazini na Sicily. Alipofika Uingereza kujiandaa kwa Normandy hakuwa mgeni wa risasi.

Cheo chake huwachanganya wengi. Vyanzo vingine humwita koplo, vingine fundi wa daraja la tano, na wasomaji hudhani kimoja kinakosea. Jeshi la Marekani mwaka 1942 liliunda vyeo vya mafundi kwa ajili ya watu wenye ujuzi maalumu: wa mawasiliano, wa magari, wapishi. Fundi wa daraja la tano alilipwa mshahara wa koplo na kuvaa alama za koplo zenye herufi T chini yake, na wenzake walimwita koplo. Alichokosa ni mamlaka ya koplo ya kuongoza askari wengine. Ni cheo cha mtu anayeaminiwa kazi yake ya mikono.

Kazi ya Pinder ilikuwa redio ya mawasiliano, au simu ya upepo kama wanavyoiita askari polisi wetu. Hapa ndipo habari fupi za mitandaoni zinapokosea zaidi, kwa kusema alikufa akipambana na Wajerumani. Taarifa rasmi ya Nishani ya Heshima aliyopewa baadaye haisemi popote kwamba alifyatua risasi.

Kwa nini redio ilikuwa na uzito huo

Ufukwe uliopewa jina la siri la Omaha una urefu wa kilomita nane hivi, na nyuma yake kuna miinuko mikali. Juu ya miinuko hiyo Wajerumani walikuwa wamechimba mahandaki na kupanga rashasha na mizinga ikielekea mchangani. Karibu kila kitu kilichopangwa kuwadhoofisha kabla askari hawajatua kilishindikana. Ndege zilidondosha mabomu mbali, nyuma ya ufukwe, kwa sababu ya mawingu na hofu ya kuwapiga wenzao. Vifaru maalumu vya kuelea vilishushwa kwenye bahari iliyochafuka: katika kikosi kimoja, kati ya vifaru 29 vilivyoshushwa majini, 27 vilizama.

Waliobaki na uwezo wa kusaidia walikuwa manowari. Baadhi zilisogea mpaka karibu zikwame mchangani. Lakini manowari haiwezi kupiga mlima ovyo wakati askari wako wanatambaa chini yake. Lazima mtu aliye ufukweni aiambie: piga pale, usipige hapa. Lazima pia kanali ajue kikosi kipi kimepenya na kipi kimekwama, na mashua zinazofuata ziambiwe zisishushe watu mahali ambapo wote wanauawa. Asubuhi ile redio nyingi zilizama na waliozibeba, nyingine zililowa au kutobolewa na risasi. Jenerali Bradley, kamanda wa jeshi la Marekani katika operesheni hiyo, alikuwa melini akipata habari kidogo na za kutisha, hadi akafikiria kuwapeleka askari waliofuata kwenye fukwe nyingine.

Mashua ya Pinder ilishusha watu umbali wa mita 90 hivi kutoka nchi kavu, chini ya rashasha na mizinga iliyokwisha kuua na kujeruhi wengi waliokuwemo. Alishuka na redio kwenye maji ya kiunoni. Redio za wakati huo za kubeba mgongoni ziliweza kufika kilo 15 na zaidi, na zikilowa hazina kazi. Hatua chache tu kutoka kwenye mashua alipigwa risasi na kujeruhiwa vibaya. Hakusimama. Alifika mchangani na redio.

Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikataa kujificha na akakataa kutibiwa. Huku damu ikimtoka alirudi majini mara tatu kutafuta vifaa vilivyokuwa vikielea au kuzama, akavitoa, ikiwemo redio nyingine nzima. Safari ya tatu rashasha ilimpiga miguuni. Aliendelea, akizidi kuishiwa nguvu, kusaidia kuunganisha mawasiliano pale ufukweni. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa tena, na safari hii akafa.

Huwa natua kwenye maneno “mara tatu”. Ushujaa wa kishindo kimoja naweza kuuelewa: mtu amepandwa na moto, amekwenda. Lakini kutoka majini ukiwa na jeraha, kuweka chini ulichobeba, kutazama nyuma na kuona bado kuna kitu kinachohitajika, kisha kurudi, na kufanya hivyo tena na tena, ni uamuzi unaofanywa upya kila mara kwa akili timamu.

Kuhusu siku ya kuzaliwa, wapo wanaodhani imetungwa kunogesha habari. Haikutungwa. Tena haikupangwa iwe hivyo. Uvamizi ulikuwa ufanyike Juni 5. Dhoruba ndiyo iliyomfanya Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya washirika, auahirishe kwa saa 24, na saa hizo zikauangushia Juni 6.

Nishani na kaburi

Nishani ya Heshima, iliyotangazwa kwa Pinder Januari 1945, ni ya juu kuliko zote katika jeshi la Marekani. Haitolewi kwa idadi ya maadui uliowaua. Hutolewa kwa kitendo cha kujitoa mhanga kupita wajibu wako, na lazima wawepo mashahidi. Kwa mapigano ya Juni 6 Normandy ilitolewa kwa watu wanne tu: Pinder, luteni Jimmie Monteith wa rejimenti hiyohiyo ya 16, askari Carlton Barrett, na Jenerali Theodore Roosevelt, mtoto wa rais wa zamani mwenye jina hilohilo, si yule Roosevelt wa barua. Barrett peke yake ndiye aliyekuwa hai kuipokea.

Wasafiri wanaokwenda Colleville-sur-Mer, kwenye makaburi ya Wamarekani yenye zaidi ya misalaba na nyota za Daudi (za Wayahudi) 9,300 juu ya ufukwe wa Omaha, hulitafuta kaburi la Pinder huko. Halipo. Baada ya vita serikali ya Marekani iliziachia familia zichague mpendwa wao azikwe ng'ambo au arudishwe, na familia nyingi zilichagua kurudishiwa. Pinder alizikwa Pennsylvania, si mbali na Burgettstown. Mdogo wake Harold, rubani wa ndege ya mabomu aliyetunguliwa mapema 1944, alikuwa mfungwa wa Wajerumani wakati kaka yake anakufa. Yeye alirudi nyumbani.

Jina la Pinder nalo lilibaki Ujerumani. Kambi ya jeshi la Marekani huko Zirndorf, karibu na Nuremberg, ilipewa jina lake, na Wamarekani walipoondoka katika miaka ya 1990 eneo hilo likageuzwa makazi na ofisi. Wenyeji wanaliita Pinderpark hadi leo.